Dalali anayeuza nyumba anayolala

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, dalali wa nyumba anamwambia mteja wake anyamaze.

Chumba ni kitupu na kinanuka rangi iliyopakwa juzi. Katikati ya sakafu ipo stuli moja ya plastiki, rangi ya chungwa, mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Mteja, bwana mmoja wa kampuni ya bima aliyevaa suti, ameikalia huku magoti yake yakikaribia kidevu.

"Dakika tano," dalali anasema. "Usiniulize bei, usiniulize choo. Kaa usikilize."

Dakika ya kwanza bwana anatazama dari. Ya pili anachomoa simu, na dalali anaichukua na kuitia mfukoni mwake bila hata kuomba radhi. Ya tatu, jirani wa ghorofa ya juu anaburuta kitu kizito. Ya nne, nyuma ya ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma anawasha mashine yake, na uso wa mteja unakunjana.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Huyo huanza saa mbili, huacha saa kumi na moja. Jumapili hafanyi kazi. Haya, sasa tuongee bei."

Bwana wa bima anacheka, anajinyoosha mgongo, kisha anauliza swali ambalo siku hizi kila mtu analiuliza kabla hata ya kuuliza kama maji yanatoka. "Na baada ya uchaguzi, kodi itashuka au itapanda?"

Dalali huyu ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, na kwa wateja wake jina lake ni Bi Dakika. Amewatafutia watu nyumba kwa miaka kumi na tisa. Hana ofisi; ana kitita cha funguo, daftari lenye jalada gumu, na hiyo stuli anayotembea nayo kwapani hadi watoto wa mitaani wanamwita mama mwenye kiti.

Stuli ina historia yake. Kabla ya udalali alikuwa msafishaji wa nyumba zilizohamwa. Mpangaji akitoka, yeye anaingia na ndoo na brashi, na mchana anaigeuza ndoo, anaikalia, anakula chakula chake peke yake. Hapo ndipo alipogundua kwamba nyumba tupu husema mengi kwa anayetulia.

"Mtu akisimama anaona kuta tu," anasema. "Akikaa ndipo anaijua nyumba. Nimewapunguzia watu majuto mengi kwa hii stuli. Na mimi nimejipunguzia ugomvi."

Sheria yake ya pili ni kwamba aibu ya nyumba hutangulia. Kama paa linavuja, mteja analisikia hilo mlangoni, kabla hajavua viatu. Madalali wenzake humcheka. Yeye hujibu kwamba mteja aliyedanganywa hurudi na ndugu zake, na aliyeambiwa ukweli huleta ndugu zake, na huo ndio mtaji wake.

Kabla ya kampeni kuanza alikuwa akipangisha nyumba tano au sita kwa mwezi. Ujira wake ni kodi ya mwezi mmoja kwa kila nyumba, na nyumba ikiuzwa hupata sehemu ndogo ya bei. Mwezi uliopita alipangisha nyumba moja. Mwezi huu, hadi siku gazeti hili lilipofuatana naye, hakuwa amepangisha hata chumba.

Sababu ni kura, ambazo zilikuwa zimebaki siku nane.

Wagombea wawili wanaoongoza wote wamelivalia njuga suala la makazi. Wa kwanza, ambaye mtaani anaitwa Kofia kwa sababu hajawahi kuonekana kichwa wazi, ameahidi kuzuia kodi za pango zisipande kwa miaka mitatu. Ameahidi pia kwamba mpangaji aliyekaa nyumba moja zaidi ya miaka kumi atakuwa na haki ya kuuziwa yeye kwanza, kwa bei itakayopangwa na serikali, iwapo mwenye nyumba ataamua kuuza.

Wa pili, anayeitwa Miwani, hataki kusikia habari ya kupangiana bei. Yeye ameahidi mikopo ya riba ndogo kwa anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza, na kufuta ushuru wa kuhamisha hati.

Kwenye karatasi mambo yanaeleweka. Mtaani ni vurugu tupu. Wenye nyumba wanaomwogopa Kofia wanapandisha kodi sasa hivi, ili izuiwe ikiwa tayari iko juu. Wanaomtegemea Miwani wanagoma kuuza, wakiamini wanunuzi watakuja na pesa za mikopo. Wanunuzi nao wanagoma kununua, kwa imani hiyo hiyo. Wapangaji wamekaa juu ya masanduku yao, hawajui wafungue au wafunge.

Mwandishi wa makala haya naye ni mpangaji. Alihudhuria mikutano ya kampeni ya pande zote mbili, akauliza bei ya serikali itapangwa na nani, na mikopo itatolewa kwa mtu asiye na hati ya mshahara au la. Katika kila mkutano alijibiwa na watu watatu, na majibu yalikuwa matatu.

Bi Dakika alikuwa na jibu. Kosa lake lilianzia hapo.

"Dalali hasemi hajui," anaeleza, akifunga mlango wa chumba cha bwana wa bima, ambaye ameondoka akisema atafikiria. "Ukisema hujui, mteja anakwenda kwa anayejua. Kwa hiyo kila aliyeniuliza nilimpa jibu."

Kuna nyumba moja alikuwa ameifikisha karibu na kuuzwa. Muuzaji alipomuuliza, alimwambia asubiri kidogo kwa kuwa bei itapanda. Mnunuzi alipomuuliza, alimwambia asubiri kidogo kwa kuwa bei itashuka. Kila mmoja alitaka kusikia hilo, na yeye alitaka wote wamwone mwenye busara.

"Wakanisikiliza wote wawili!" anasema, na kucheka mpaka funguo zinalia. "Miaka kumi na tisa hawajawahi kunitii kwa pamoja. Safari hii wametii, na biashara imekufa."

Anaacha kucheka. Lile lingine, anasema, halichekeshi.

Wiki sita zilizopita alipigiwa simu na mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye ana nyumba mbili. Moja iko karibu na soko, ina duka mbele, na nyuma anaishi fundi viatu aliyepanga kwa miaka kumi na minne. Nyingine ni ndogo, ya vyumba viwili na sebule, na mpangaji wake ni Bi Dakika mwenyewe.

Mwalimu alitaka ushauri. Mtu mwenye mpangaji wa muda mrefu, aliuliza, afanyeje na maneno haya ya uchaguzi? Bi Dakika alikuwa barabarani, jua limemwakia, na akilini mwake alikuwa na fundi viatu.

"Nikamwambia, Mwalimu, mpangaji akipita miaka kumi, uza kabla ya kura. Kofia akishinda utapangiwa bei na huna pa kulalamika. Uza sasa hivi, usingoje. Akanishukuru sana. Akaniita mwanawe."

Wiki iliyofuata Mwalimu alibisha hodi kwake, ameshika hati ndani ya bahasha ya plastiki.

"Nimekusikiliza," akasema. "Nauza."

"Vizuri, Mwalimu. Ile ya sokoni tutapata mteja haraka."

"Ya sokoni? Ile ina duka, nayo ndiyo inayonilisha. Nauza hii."

Bi Dakika anasema alitazama nyuma yake, kana kwamba kulikuwa na nyumba nyingine. Kisha akajitetea kwamba yeye hajafika miaka kumi, yeye ana miaka tisa tu, haguswi na ahadi ya Kofia. Binti yake, aliyekuwa mezani akijisomea, akainua kichwa.

"Mama, tulihamia hapa nikiwa na miaka mitano. Sasa nina kumi na sita."

Mwanamke anayejua kwa kichwa tarehe aliyoingia kila mpangaji wa mitaa minne alikuwa amesahau ya kwake. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na huyu alikuwa amejikata.

"Si wewe uliyesema niuze?" Mwalimu aliuliza, naye aliuliza kwa dhati, maana ni mtu mpole. "Nilidhani ulijua nazungumzia hii. Nikasema, huyu mama ana moyo wa ajabu." Kisha akamkabidhi kazi ya kuiuza, kwa sababu hakuna dalali mwingine anayemwamini.

Angeweza kukataa, na usiku huo hakulala akilifikiria. Lakini dalali mwingine angeletwa, na huyo angewaficha wanunuzi habari ya mlango wa jikoni unaoingiza maji. Na kama nyumba itauzwa tu, afadhali ule ujira umsaidie kulipia pa kuhamia. Atalipwa kwa kujifukuza.

"Ni wapangaji wangapi niliowaambia, jamani, nyumba ni ya mwenyewe, tafuteni pengine?" anasema. "Nilikuwa nalisema huku natafuta ufunguo wa nyumba inayofuata. Mkuki kwa nguruwe."

Jumatano saa nane mchana wanunuzi wanafika: muuguzi wa kike na mumewe, fundi umeme. Wana akiba ya miaka minane, na wamechoka kupanga.

Bi Dakika anawapokea mlangoni kwake kama anavyowapokea wateja kwenye mlango wowote. Ndani, sare ya shule imeanikwa kwenye kiti. Ukutani kuna alama za kalamu, moja juu ya nyingine, zinazoonyesha urefu wa mtoto mwaka hadi mwaka. Binti yuko mezani na vitabu vya mtihani wa mwisho, ambao utaanza baada ya miezi miwili. Anawaamkia, kisha anainamisha uso kwenye daftari na haugeuzi ukurasa.

"Aibu ya nyumba kwanza," dalali anasema. "Mvua ikija na upepo, maji yanaingia chini ya mlango wa jikoni. Kizingiti ni kifupi. Tunatandaza gunia."

"Mnatandaza?" muuguzi anauliza, lakini dalali ameshaweka stuli katikati ya sebule.

Muuguzi anakaa. Mumewe anaegemea ukuta. Bomba la jikoni linadondosha maji. Jirani anatwanga kitu, taratibu, kisha anaacha. Dakika ya tatu, gari la kampeni linapita barabarani na kipaza sauti kinatikisa vioo vya dirisha: "Nyumba kwa kila familia! Kila familia, nyumba yake!" Gari ni la nani, la Kofia au la Miwani, hakuna aliye ndani anayeweza kusema, kwa sababu wote wawili wanatumia maneno hayo hayo.

Gari linapotokomea, muuguzi anasema ameipenda nyumba.

"Anayekwambia la mlango bila kuulizwa, hana lingine alilolificha," anamwambia mumewe. Kisha anamgeukia dalali. "Mpangaji anahama lini?"

Bi Dakika anashika mgongo wa kiti chenye sare. "Mpangaji ni mimi."

Fundi umeme anatazama alama za ukutani, kisha anatazama viatu vyake.

"Pole, dada," muuguzi anasema. "Sisi hatukujua."

"Hamna kosa. Nyumba ni nzuri, na bei aliyosema Mwalimu ni ya haki."

"Basi tushauri, wewe ndiye mjuzi. Tununue leo, au tungoje uchaguzi upite?"

Kwa siku tatu mwandishi huyu amemsikia akijibu swali hilo. Hujibu upesi, huku akitembea, na kila mteja huondoka na jibu lake. Safari hii anakaa kwenye mkono wa kochi.

"Sijui," anasema.

Wanandoa wanangoja aendelee.

"Kweli sijui, wanangu. Hakuna anayejua. Walionisikiliza wote nimewapoteza, na mimi mwenyewe nimo."

Muuguzi anasimama kutoka kwenye stuli na kuifuta kwa kiganja, ingawa haina vumbi. Anasema watarudi nyumbani wakafikiri. Mlangoni anageuka na kusema kwa sauti ya chini kwamba, kama Mwalimu hatamuuzia mpangaji wake, basi wao wapigiwe simu kabla ya mtu mwingine.

Baada ya wao kuondoka, mwandishi anamuuliza kama ile "sijui" ilikuwa ukweli au ujanja wa kuwachelewesha wanunuzi.

"Hata hilo sijui," anasema. "Andika yote mawili."

Kesho yake anamwita Mwalimu. Mzee anafika saa nne asubuhi na bahasha yake ya plastiki. Anapokea shikamoo ya binti, anauliza habari za mtihani, kisha anaonyeshwa stuli. Katika miaka kumi na moja hajawahi kukaa ndani ya nyumba hii zaidi ya muda wa kuhesabu kodi. Anaikalia kwa tahadhari, mkono mmoja ukutani.

Dakika tano zinapokwisha, Bi Dakika anaongea bila kuzunguka.

"Mwalimu, nilikushauri kama mtu anayejua, na sikuwa najua. Nilikuwa nawaza nyumba ya mwenzangu. Nilimhukumu fundi viatu wa watu, hukumu ikaniangukia. Nisamehe kwa hilo. Sasa nakuomba uniuzie mimi."

Anataja alichonacho. Akiba yake yote ya miaka kumi na tisa inafika theluthi ya bei. Kilichobaki atalipa kila mwezi kwa miaka saba, zaidi kidogo ya kodi anayolipa sasa, na hati ibaki kwa Mwalimu hadi siku ya mwisho.

Mwalimu anaigeuza bahasha mkononi. Amefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, anasema, na hesabu ya wagombea hawa imemshinda. Kila mmoja anajumlisha tu, hakuna anayetoa. Kilichomfanya atake kuuza si tamaa. Aliambiwa na mtu kwenye foleni ya benki kwamba nyumba zenye wapangaji wa zamani zitachukuliwa bure. Aliogopa, na mtu pekee aliyemwona anafaa kuulizwa alikuwa Bi Dakika.

"Mimi nami nikakutia hofu zaidi," Bi Dakika anasema.

"Ukanitia hofu kweli kweli."

Wanacheka, lakini si sana.

"Mwalimu hasahihishi mtihani kabla haujakusanywa," mzee anasema akiinuka. "Kura zihesabiwe kwanza. Pengine nitakubali, pengine bei itanishawishi vingine, siwezi kukudanganya. Lakini mpaka siku hiyo, usimlete mtu mwingine hapa." Hati anaondoka nayo.

Kwa hiyo jambo liko hapo, napo si pazuri wala si pabaya. Bi Dakika amejaribu kulipima kwa kila upande, akakata tamaa. Kofia akishinda, atakuwa na haki ya kuuziwa lakini hana pesa ya kutosha. Miwani akishinda, huenda pesa ipatikane, lakini haki hana, na mikopo yenyewe haijulikani kama inawafaa wasio na mshahara. Mwalimu akikubali mapema, hatahitaji yeyote kati yao. Anaulizwa atampigia nani kura.

"Siku tano zimebaki. Niulize siku ya sita," anasema, kisha anakumbuka kwamba siku ya sita kura zitakuwa zimeshapigwa.

Mpango alionao ni mmoja tu, nao uko chini ya meza ya jikoni: nusu mfuko wa saruji, matofali sita, na mwiko wa kuazima. Jumamosi atainua kizingiti cha mlango wa jikoni. Miaka kumi na moja ametandaza gunia, kwa sababu mpangaji hajengi kwenye nyumba ya mtu. Sasa ameamua kujenga, na bado hajamwambia Mwalimu.

Binti anaufuata kwa macho mkono wa mama yake unaoonyesha chini ya meza, anatazama matofali, anatazama vitabu.

"Na tukihama?"

Mama anasukuma mfuko wa saruji kwa mguu, ukae mbali na mlango usije ukalowa.

"Atakayeingia atakuta pakavu," anasema.